Kila Mtu Alimwona Mara ya Mwisho

Jumamosi, 4 Agosti 1973

Haboba Medina hayupo nyumbani tangu jana. Kufuli liko mlangoni, kuku wamemwagiwa mtama wa kutosha. Mume wangu Tahiru anasema ametembea tu, atarudi. Mvua imenyesha mchana kutwa, na mihogo niliyoanika nimeiingiza ndani ikiwa mibichi kuliko ilivyotoka.

Jumapili, 5 Agosti

Bado. Mvua.

Jumanne, 7 Agosti

Leo hata Tahiru ameacha kusema atarudi.

Kwa kuwa jambo hili limeanza kuwa jambo, niliandike vizuri. Sisi Wanubi bibi tunamwita haboba, na Haboba Medina ni dada wa babu yake mume wangu. Ndiye aliyemlea Tahiru alipofiwa na mama yake, na ndiye aliyenikagua mimi kabla sijaolewa, akanisimamia jikoni kuona kama najua kusonga. Anakaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapa hapa Arua. Mume wake, Koplo Umaru, alikwenda Burma na Keya, jeshi la Waingereza, katika vita ya Wajapani, hakurudi. Haboba alikuwa bado kijana. Wakaja wanaume wa kila namna, wenye ng'ombe na wenye vyeo, akawakataa wote. Ndiyo maana mjini hapa hakuna harusi ya Kiislamu bila yeye. Bibi harusi anapopakwa hina, mkono wa kwanza kumpaka ni wa Haboba, ili naye amtunze mumewe vivyo hivyo. Mtu wa namna hiyo haondoki bila kuaga.

Imamu ametangaza msikitini baada ya alasiri. Tahiru amekwenda polisi mwenyewe kutoa habari.

Ijumaa, 10 Agosti

Nimegundua kwamba kila mtu alimwona mara ya mwisho. Ayikoru, anayeleta unga wa muhogo kutoka Ayivu, alimwona alfajiri barabara ya Koboko. Muuza kahawa alimwona sokoni. Mke wa mwalimu alimwona amekaa juu ya magunia kwenye lori la wakimbizi wanaorudi Sudan. Mwingine alimwona hospitali, ameshikwa mkono na mtu asiyemjua. Kama wote wanasema kweli, siku ile Haboba alitembea kuliko tarishi.

Hilo la lori ndilo linalopendwa zaidi. Tangu amani ifanyike kwao mwaka jana, Wasudani wanarudishwa kidogo kidogo, na Saturnino, muuza samaki wakavu aliyekuwa jirani yake Haboba, aliondoka na lori la Ijumaa ile ile aliyotoweka. Polisi wameuliza mpakani. Hakuna kikongwe aliyepita.

Jumanne, 14 Agosti

Sajenti Drateru amekuja kutuhoji. Ni Mlugbara wa Dadamu, Mkatoliki, mtu mpole, alifuta viatu kwenye nyasi kabla ya kuingia. Nilimpenda kwa hilo. Kisha akamuuliza Tahiru kuhusu ugomvi wa mwezi wa sita, na nikaacha kumpenda.

Ni kweli waligombana. Tahiru alitaka kujenga kibanda cha nyama mbele ya nyumba ya Haboba, kwa sababu ipo barabarani. Haboba akakataa, akasema mbele ya mtaa mzima: ngoja nife kwanza, ndipo ujenge. Tahiru kwa hasira akajibu kwamba hatangoja sana. Wiki ile ile walikula pamoja sahani moja, lakini mtaa haukualikwa kula, ulialikwa kwenye ugomvi tu.

Jumatatu, 20 Agosti

Sajenti amekwenda Koboko kwa ajili ya yale maneno ya Ayikoru, akarudi mikono mitupu. Ayikoru sasa anachekwa, na mimi nilicheka pia.

Jumamosi, 25 Agosti

Mvua ya mawe. Paa la jiko limetoboka.

Jumatano, 29 Agosti

Kwenye bomba la maji wanawake walinyamaza nilipofika. Nilijaza ndoo yangu polepole makusudi, nikaijaza mpaka ikamwagika, ili wapate tabu ya kunyamaza.

Jumatatu, 3 Septemba

Leo nimeambiwa kwa nini. Mke wa mwalimu, ambaye hawezi kukaa na neno tumboni, amenieleza kwa huruma nyingi. Mtu mmoja alinunua nyama kwa Tahiru ile wiki ya kwanza ya Agosti, na ndani ya mchuzi akakuta pete ya fedha. Nikamuuliza ni nani. Hamjui, lakini shemeji yake anamfahamu anayemjua. Nikamwambia Haboba havai pete, vidole vimevimba tangu zamani, mji mzima unavijua vidole vile kwa hina. Akasema, basi labda ilikuwa hereni.

Tahiru amerudi na nyama yote aliyotoka nayo. Tumeikausha tunayoweza, katika mvua hii.

Alhamisi, 6 Septemba

Nyama imerudi tena. Watu wanavuka soko zima kwenda kwa mchinjaji mwingine, ambaye kila mtu anajua kwamba mizani yake ina ugonjwa.

Jumatatu, 10 Septemba

Wamemchukua Tahiru.

Walikuja asubuhi, Sajenti Drateru na wenzake wanne. Wakachimba uani, wakachimba nyuma ya choo, wakachimba chini ya migomba yangu mpaka miwili ikaanguka. Hawakukuta kitu. Ndipo wakaingia ndani, wakatoka na visu vitatu, shoka moja na gunia lenye damu, na jinsi walivyovibeba ungedhani wamekamata bunduki. Kwenye nyumba ya mchinjaji walitegemea kukuta nini, vijiko? Nilisema hivyo kwa sauti. Watu waliojaa kwenye ua hawakucheka.

Tahiru hakupigana. Alivaa kofia yake, akaniambia nifunge mbuzi. Walipompitisha katikati ya watu, mtu mmoja akatema mate chini. Nilimwona ni nani na sitaandika jina lake, maana nitahitaji kuishi naye.

Jambo ambalo sikulijua mpaka leo ni kwamba mji unaweza kufurahi. Hawakufurahi kwa ubaya. Walifurahi kama mtu aliyetafuta kitu wiki nyingi akakipata. Sasa wanajua Haboba yuko wapi, yaani wanajua aliyemfanya asiwepo, na wanaweza kulala.

Ijumaa, 14 Septemba

Napeleka chakula kituoni. Wananiruhusu kumwona kidogo, Sajenti akiwa amesimama pale. Uso umevimba upande mmoja. Sajenti anasema si mkono wake, na namwamini.

Jumamosi, 22 Septemba

Leo asubuhi nilikwenda machinjioni. Hakuna aliyenituma. Kuna shimo tunamotupa matumbo na kwato, nikasimama ukingoni, nikaokota kijiti kirefu nikachokoa. Nzi wakaruka. Nilichokoa mpaka mkono ukachoka, halafu nikatupa kijiti na kukaa chini kwenye matope, nikalia.

Namjua Tahiru kuliko ninavyojijua. Lakini nimesikia jambo moja kila siku, bombani, sokoni, njiani, na leo miguu yangu yenyewe imekwenda kutazama. Naona aibu. Naandika ili nisije nikasema kesho kwamba ni wao tu.

Alhamisi, 27 Septemba

Ramadhani imeanza. Mvua, mvua. Nimefuturu peke yangu.

Jumatano, 3 Oktoba

Nimepeleka futari kituoni. Sajenti Drateru alinivuta pembeni, akaniambia kwa sauti ya chini kwamba Jumatatu Tahiru atahamishwa. Watakuja wale wa usalama wenye miwani myeusi, watampeleka kambini kwa wanajeshi. Hakusema zaidi na mimi sikuuliza. Hapa Arua sote tunajua waliohamishwa, na tunajua ni wangapi tuliowapikia waliporudi.

Naona aliumia, kwa sababu alianza kujitetea bila kuulizwa.

"Mama, mimi natafuta hiyo haboba kabisa. Koboko yote mimi natafuta. Hata nyumba ya Lukumani, ile fundi ya cherehani, mimi naingia. Chumba moja tu mimi hapana ingia, sababu iko mjane ndani, nakaa edda. Hata sisi Walugbara naogopa matanga ya mutu."

Nikamshukuru. Nani angemlaumu? Mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, na mwanaume wa nje haingii alipo. Hata askari wa serikali hii wanasimama kwenye mlango huo.

Nilikuwa nimefika nyumbani, naosha vyombo, ndipo mikono ikasimama kwenye maji. Lukumani fundi yu hai. Nilisalimiana naye sokoni Ijumaa iliyopita, alikuja kununua nyuzi, akaniuliza habari za nyumbani nikakosa pa kuanzia. Mkewe Fatumah ana mume. Mabinti zao wote wameolewa Bombo. Katika nyumba ile ni wazee wawili tu.

Sasa mjane wa nani yumo mle ndani?

Na Fatumah na Haboba walikuwa wake wa askari pamoja, zamani, kambi moja.

Alhamisi, 4 Oktoba. Koboko.

Nilipanda lori la tumbaku. Tulikwama kwenye tope mara nyingi mpaka dereva akaacha kutukana na kuanza kuomba. Nilifika karibu na alasiri, nimelowa, na saumu yangu.

Fatumah alinikuta mlangoni. Sikusalimia vizuri, Mungu anisamehe. Nikampita, nikasukuma pazia.

Haboba Medina alikuwa amekaa kwenye mkeka, amevaa nyeupe kuanzia kichwani hadi miguuni, anavuta tasbihi. Amekonda. Akanitazama akasema, karibu, binti, umelowa. Kama vile nimetoka nyumba ya tatu!

Nilimpigia kelele. Sijawahi kumpigia kelele mtu mzima maishani mwangu. Nilimwambia kwamba Arua imechimbwa kwa ajili yake, kwamba Tahiru yuko kituoni uso umevimba, kwamba Jumatatu anapelekwa kambini kwa kosa la kumuua. Fatumah akaweka mikono kichwani. Haboba akaacha tasbihi.

Hawakujua. Lukumani siku ile sokoni alinunua nyuzi tu akawahi lori, na mimi mwenyewe sikumwambia. Habari ilipofika Koboko ilikuwa imegeuka njiani. Huku walisikia kwamba Arua ameuawa mzee mwanamume, Mlugbara, na aliyemuua ni Mkongo kwa sababu ya dhahabu. Fatumah alimsikitikia sana mzee huyo. Polisi walipokuja mwezi wa nane kuulizia wageni aliwaambia hakuna mgeni, ni mjane wa nyumbani tu, maana siku hizi nani anamtajia askari jina la mgeni wake? Na Haboba alikuwa na amani, kwa kuwa alimpa Saturnino maneno aniletee: nimekwenda kwa Fatumah, nitakaa, msinitafute. Saturnino alipanda lori alfajiri na maneno yetu akaenda nayo Sudan.

Nikamuuliza, edda ya nani, Haboba?

Akaiweka tasbihi kwenye mkeka. Kisha akanieleza, na naandika kwa kifupi kwa sababu si hadithi yangu. Koplo Umaru hakufa Burma. Alirudi na medali zake, akashukia Yei, upande wa Sudan, akaoa huko, akakaa. Haboba alipata habari baada ya miaka miwili, kutoka kwa askari aliyepigana naye. Kwenda kwa kadhi kudai talaka ilikuwa sawa na kutangaza sokoni kwamba ameachwa, na wakati huo watu walikuwa wameshaanza kumwita kwenye harusi. Hakusema uongo. Hakusema kitu. Akawakataa wanaume wote, kwa kuwa alikuwa mke wa mtu. Mwezi wa saba Saturnino alileta habari kutoka Yei kwamba mzee amekufa, kitandani, wajukuu wamemzunguka.

"Miaka yote watu naita mimi mjane, na mume iko hai," alisema. "Sasa mimi iko mjane kweli, na hapana mahali ya kukaa. Kama mimi nakaa Arua, watu nauliza, edda ya nani? Mimi nasema nini?"

Fatumah alikuwa analia. Mimi nilikuwa nahesabu kichwani: kesho Ijumaa, halafu wikendi, halafu Jumatatu. Nilimwambia lazima twende kesho. Aliuliza kama Lukumani hawezi kwenda kusema kwa niaba yake. Nikamwambia Arua imeshiba maneno ya watu, inataka kumwona yeye. Aliuliza watamhoji nini. Nikasema, watakuuliza ulikuwa wapi na kwa nini.

Akainamisha kichwa. Niliogopa, naandika wazi, niliogopa kwamba atachagua jina lake. Akitoka kabla ya siku zake anavunja edda, na akisema sababu anavunja kila kitu alichojenga. Kwa hiyo nikampa njia. Nikamwambia aseme alikuwa mgonjwa. Avue nyeupe, avae gauni la Fatumah, ajifunike shuka, aseme alikuja kutafuta dawa akazidiwa. Nani atauliza zaidi? Watamwachia Tahiru, na yeye atarudi kwenye harusi zake.

Lilikuwa wazo zuri. Hata sasa naona lilikuwa zuri.

Alishika upindo wa ile nguo, akaukunja kidole kwa kidole.

"Hii mimi hapana vua," akasema. "Mutu ile akiwa hai, mimi naacha watu nasema amekufa. Leo amekufa, mimi niseme hapana? Tutakwenda hivi."

Ijumaa, 5 Oktoba

Lukumani alitupatia gari la Msudani mmoja anayekwenda kununua chumvi. Haboba alikaa mbele, uso umefunikwa. Mvua ilikuwa imekatika.

Tuliingia Arua watu wanatoka sala ya Ijumaa. Sikupanga hivyo. Kama ningepanga ningechagua saa ambayo barabara haina mtu. Alishuka mbele ya kituo, na wale waliokuwa karibu wakaona kwanza ile nyeupe, wakapisha, kama inavyopasa kumpisha mfiwa. Halafu mmoja akauona mkono wake, vile vidole, akasema jina lake. Basi barabara nzima ikatugeukia. Hakuna aliyepiga kelele. Walitufuata nyuma mpaka kwenye veranda ya kituo, wakajaa madirishani.

Sajenti Drateru alisimama akavua kofia. Mkubwa wake hakusimama. Akauliza jina. Medina. Akauliza alikuwa wapi. Koboko, kwa Fatumah. Akauliza kwa nini mtu mzima anajificha mpaka serikali inasumbuka. Nikafungua mdomo niseme ugonjwa, Haboba akanigusa goti.

Alisema kwamba hakuikimbia serikali, alikuwa kwenye edda ya mume wake, Umaru, aliyekuwa koplo. Mkubwa akasema koplo huyo kila mtu anajua alikufa Burma. Haboba akageuka. Hakumtazama mkubwa, aliwatazama wale wa dirishani, wanawake aliowapaka hina na mama zao.

"Alikufa mwezi ya saba," akasema. "Yei. Nyumbani ya mke yake."

Nilisikia mtu nje akirudia kwa Kilugbara kwa walioko nyuma, na walioko nyuma wakirudia tena.

Wakamtoa Tahiru. Alikuja akishika ukuta, macho yanaumizwa na mwanga. Alipomwona alirudi nyuma hatua moja, nikafikiri amerukwa na akili. Kisha akaanguka chini, akamshika miguu kwa mikono miwili, akaipapasa hasa, kama mtu anayepima kitambaa kama ni chenyewe.

"Haboba," alisema, "hawa walisema sana. Kila siku. Mimi nilianza kutafuta ndani ya kichwa yangu, wapi mimi nazika wewe."

Haboba hakulia alipotaja Yei. Hapo alilia.

Jumamosi, 6 Oktoba

Sasa kila mtu alijua tangu zamani. Muuza kahawa alijua. Mke wa mwalimu alikuwa na shaka na ile Burma siku zote. Wengine wamekasirika: binti zao wamepakwa hina na mwanamke aliyeachwa, ndoa zitakuwaje? Mmoja ameniambia hivyo usoni. Nikamwambia ndoa yake ilikuwa mbovu kabla ya hina.

Ayikoru peke yake amekuja na unga, akauweka chini, akasema: mimi nilisema barabara ya Koboko. Nikamwomba radhi. Akakubali, lakini si haraka.

Nyama ya Tahiru haijanunuliwa leo pia. Hawezi kusimama kibandani, nilisimama mimi.

Jumatatu, 8 Oktoba

Leo ndiyo siku ambayo wangemchukua. Amelala chumba cha pili, nasikia anavyokoroma, na kila anaponyamaza nakwenda kuangalia.

Tangu Ijumaa Haboba yuko nyumbani kwake, amefunga mlango. Hakuna mwanamke aliyekwenda kumpa pole. Mimi tu na chakula. Leo walikuja watu wazima watatu wa msikitini na shehe, kwa sababu mjini kumezuka swali jipya: ametoka nje, amesafiri, amesimama mbele ya wanaume. Je, edda yake imevunjika? Wale wazee walitaka aianze upya. Shehe akasema hapana, alitoka kwa dharura ya kuokoa roho, siku za Koboko zinahesabiwa zote, amalizie zilizobaki. Alisema kwa upole, na naona alitaka kumpunguzia.

Haboba alimsikiliza kutoka nyuma ya pazia. Akamshukuru. Halafu akasema zile za Koboko asizihesabu.

"Kule mimi najificha tu. Kujificha hapana kulia mume," alisema. "Mimi naanza leo. Hapa. Rehemah, fungua mlango."

Nikaondoa komeo, nikafungua milango yote miwili mpaka ukutani, barabara yote ikawa inaonekana na sisi tunaonekana. Wanawake wawili waliokuwa wanapita na ndoo walisimama. Mmoja alikuwa mke wa mwalimu. Alitazama ndani, akatazama ndoo yake, akaiweka chini kando ya mlango. Akavua ndala, akaingia, akakaa kwenye mkeka, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakuwa na la kusema. Haboba akamsogezea mkono.

Nikaenda kutandika mkeka wa pili.